Kabuti la Kwenda Chalbi

Kahin hakuugusa mzigo wangu kwa mkono. Aliusukuma kwa ncha ya kiatu, ukakataa kusogea, kisha akaniuliza, "Mama, hii mzigo ni ya kwenda wapi?"

"Chalbi," nikamwambia. "Kwani tulikubaliana wapi?"

"Hapana. Hii ni mzigo ya basi. Hii inawekwa juu kwa keria, watu wanne wanavuta na kamba. Mimi sina basi. Mimi niko na ngamia."

Nilikuwa nimeufunga mzigo ule siku nzima na nilikuwa nauonea fahari. Kufunga mzigo ninajua. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tunaokaa Nairobi tunafundishwa kazi hiyo na kila Disemba: sukari chini, mikate juu, rinda la kanisani katikati lisipate mikunjo, na viatu vya kuingilia nyumbani pembeni, ili ukishuka stendi uvivae upesi kabla watu hawajakuona. Huendi kwa watu mikono mitupu, wala huingii bomani na matambara. Na mimi, ukiniuliza, nilikuwa nakwenda kwa mume wangu. Sikuona kwa nini niende kama mwizi.

Basi nieleze, maana watu wengi hapa Kaloleni walidhani nimerukwa na akili, na wengine walinung'unika karibu na dirisha langu makusudi nisikie. Mume wangu Patrobas alikuwa dereva wa lori. Ule mwaka wa mahindi ya manjano, njaa ilipofika hadi mezani kwa watu wa mjini, alitumwa kupeleka chakula cha msaada kaskazini. Jangwa la Chalbi juu limekauka kama sakafu, lakini mvua ikigusa kidogo, chini ni tope. Lori likazama. Yeye na utingo wake wakaondoka kwa miguu kutafuta kisima. Utingo alifika. Patrobas alikuwa na homa, akaishia njiani, na wachungaji wa ngamia wakamzika palepale chini ya mawe, kwa heshima, nami ninawashukuru mpaka leo.

Ndugu zake huko Kimilili walikaa kikao. Wakasema maiti haiwezi kuletwa, kwa hiyo ikifika Disemba watafanya kama wazee walivyofanya zamani mtu akipotea: watakata mgomba, wauzike mahali pa mtu, watu walie, wale, mambo yaishe. Nikawaambia sitalia mbele ya mgomba. Patrobas hakuwa mgomba. Walipoona sinyamazi wakasema haya, lete angalau udongo wa kaburi lake, tuuzike huo. Walisema hivyo wakijua hakuna gari linalofika pale. Walidhani wamenifunga mdomo.

Hawanijui. Kila nilipopata nafasi nilikwenda Eastleigh kuuliza madereva na wauza ngamia, mpaka nikampata Kahin. Kazi yake ni kuwaongoza watu wanaotaka kulivuka jangwa kwa miguu, kwenda na kurudi, ngamia wakiwa wamebeba maji. Wengi wao ni Wazungu, mara nyingine na walimu. Kwa nini mtu mwenye nauli mfukoni atake kulivuka jangwa kwa miguu, hilo sikumuuliza. Kisima anakijua, na yale mawe karibu nacho ameyaona. Safari yake iliyofuata ilikuwa inatafuta mpishi, na mimi huuza githeri na chapati kwenye geti la kiwanda kule Industrial Area. Sijawahi kushindwa na sufuria.

Sasa mtu huyo alikuwa amesimama uani kwangu Jumamosi adhuhuri, ananiambia mzigo wangu ni wa basi.

"Ngamia wanabeba maji, chakula na vyombo," akasema. "Nguo yako unabeba wewe. Ngamia moja ikivunjika mguu, maji yake naweka juu ya zile zingine. Siwezi kuweka nguo ya mama. Jitwike, zunguka uwanja, nione."

Nikajitwika. Uwanja wetu wa Kaloleni si mkubwa. Watoto huuzunguka mbio wakicheza. Nilizunguka mara moja kichwa kikiwa juu, maana watu walikuwa madirishani. Mara ya pili kamba ya katani ilianza kunikata begani. Mara ya tatu nilifika kwenye ngazi za ukumbi wa jamii nikaketi, na mzigo ukaketi pamoja nami. Nilikasirika mpaka macho yakaniwasha. Si Kahin aliyenikasirisha, ni mzigo wenyewe, ulivyonidhalilisha mbele ya watu.

Kahin alinifuata polepole na shanta tupu la kijeshi mkononi. Akaliweka magotini pangu.

"Kila kitu iingie hapa. Isipoingia, ibaki. Kesho alasiri nakuja, tunatembea na hii mpaka Kariokor na kurudi. Ukiweza, Jumatatu asubuhi tunapanda lori mpaka kwa ngamia. Usipoweza, iko mpishi mwingine Pangani, mwanamume. Ameshanipigia magoti."

"Mwambie ainuke asije akachubuka," nikamjibu. Alicheka kidogo, akaenda zake.

Ndani ya nyumba, mama mkwe wangu Nakhumicha alikuwa amekaa kitandani. Tunamwita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu. Alikuwa amekuja kutoka Kimilili ili akae na watoto wangu nikiwa safarini, na alikuwa ameyaona yote kupitia mlangoni.

"Unataka kutoa nini?" akaniuliza. "Hivyo vitu vimeombewa."

Hapo ndipo palikuwa na taabu. Akina mama wa kanisa letu walikuja Ijumaa kuniaga, na kwetu mtu haagwi kwa maneno matupu. Kila mmoja alileta kitu chake: huyu blanketi, huyu sweta, huyu sabuni, huyu unga wa wimbi, huyu chupa ya mafuta ya taa, Beldina akaleta mto wa kulalia. Vikawekwa katikati, tukafumba macho, mzee wa kanisa akaviombea kimoja kimoja kwa majina. Kitu kikishaombewa hivyo huwezi kukiacha nyuma ya mlango. Aliyekileta atakiona, na hata asipokiona, utajua wewe. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile nilikuwa nimebebeshwa makanda ya watu kumi na wawili, na hakuna hata moja lililokuwa la usufi.

Nilikaa sakafuni nikayatazama. Nilitoa sabuni moja, nikairudisha. Nilitoa mto, Mayi akakohoa, nikaurudisha.

Aliyeniokoa ni jirani yangu Wacera, mwanamke wa Murang'a, ambaye mumewe Bedan anashona viatu vya tairi pale Kariokor. Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Sasa, Mama Lusweti," akasema, akiniita kwa jina la kifungua mimba wangu. "Ati nasikia mzigo imekulalia kwa ngazi ya hall? Mtaa mzima inacheka. Lete hapa."

"Vimeombewa," nikamwambia.

"Na nyinyi. Mimi sikuwa kwa hayo maombi." Akapindua gunia, vitu vyote vikamwagika sakafuni, akaanza kuchagua kwa mikono miwili. "Mto? Huko unaenda kulala hoteli? Mafuta ya taa, toa. Mikate? Hiyo itakuwa mawe kabla ufike Isiolo. Hii rinda ni ya nani?"

"Ni yangu. Ya kuvaa nikifika."

Wacera alilishika lile rinda la buluu, akalikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, akaliweka kwa Mayi kitandani. "Utaenda na nguo ya mikono mirefu, dada," akasema kwa sauti nyingine. "Jua itakukula. Yeye atakuelewa."

Akaziangalia raba zangu mpya nyeupe, nilizonunua kwa ajili ya safari. Akabonyeza soli kwa kidole. "Mwiba ya huko itapita hapa kama sindano kwa mkate. Chukua." Akatoa kwenye kiondo chake akala mbili nyeusi, nzito, kanda zake za mpira zikiwa bado zinanuka kiwanda. "Bedan amekata kwa tairi ya Bedford. Alisema, kama hiyo tairi ilibeba tani saba mpaka Mombasa, haiwezi kushindwa na wewe."

Mayi alicheka, mara ya kwanza tangu alipofika. Tukacheka wote watatu, kisha tukaanza kazi. Leso mbili, moja ya kichwa. Gauni refu moja mwilini na jingine ndani. Soksi za sufu. Tochi. Sindano na uzi. Dawa ya kichwa. Mfuko mdogo wa kitambaa cha marekani nilioushona mwenyewe kwa ajili ya udongo. Blanketi na sweta mbili zilichukua nafasi iliyobaki, shanta likafungika, na kamba ikazunguka vizuri. Nilijitwika nikaona naweza kulivuka nalo jangwa hilo mbio.

Ndipo Mayi akasimama, akaenda nyuma ya mlango, akalitoa kabuti.

Kabuti hilo lilikuwa la Patrobas, la kijeshi, zito, lenye kola pana na vifungo vya shaba. Lilirudi nyumbani mgongoni kwa utingo. Patrobas alilivua mwenyewe usiku wa mwisho, homa ikimtetemesha, akamfunika mwenzake aliyekuwa analia kwa baridi, akamwambia wewe una watoto wachanga na miguu yako bado mizima, kesho utembee. Utingo aliniambia hayo akiwa amepiga magoti kwenye mlango wangu, akaniomba nisimwambie mama mtu, maana laana ya mama ni nzito. Nikamwahidi. Mayi aliambiwa tu kwamba kabuti lilikutwa ndani ya lori.

"Hili ndilo la kwanza kuingia," Mayi akasema. "Nimekuambia ndoto zangu. Kila mara anakuja amekumbatia mabega yake. Anasikia baridi. Mtoto wangu yuko uchi kwenye upepo, na nguo yake inaning'inia nyuma ya mlango wa jiji. Umpelekee. Umfunike, uliache hapo."

"Mayi, halitaingia."

"Basi toa yasiyo yake."

"Nikitoa blanketi nitalala na nini?"

"Mimi nimelala na nini tangu afe?" akaniuliza.

Tuligombana. Nilimwambia maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama mkwe, naye akanijibu kwamba nakwenda kujitafutia udongo wa kuwaonyesha watu, kwamba yeye mwenyewe Patrobas nimeshamsahau. Wacera akachukua kiondo chake akatoka kimyakimya. Niliumia sana, kwa sababu hakuna siku niliyokuwa nimemsahau, hata nikiwa nakanda unga getini. Lakini nilipomtazama mama yule amelikumbatia kabuti, hasira iliniishia. Nikafungua shanta. Nikatoa blanketi, nikatoa sweta zote mbili, nikalikunja kabuti, nikalifunga juu kwa kanda za ngozi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kulala bila blanketi nitajifunza hukohuko.

Jumapili alasiri Kahin alikuja kama alivyosema. Hakuniuliza nimelalaje. Alilinyanyua shanta kwa mkono mmoja, akalipima, akanifunga mwenyewe kanda za mabegani, akatangulia.

Tulitoka Kaloleni tukavuka Jogoo Road, tukapita Burma penye harufu ya nyama, tukakata Shauri Moyo na Pumwani. Watu walikuwa wanatoka kanisani na nguo zao safi, na mimi nimebeba kabuti la vita juani. Mlevi mmoja alinipigia saluti. Kahin hakugeuka hata mara moja wala hakupunguza mwendo, na mwendo wake si wa haraka, ila hauna mahali unapopumzika. Pale Majengo kanda ya akala ilianza kunikata kidole, nikakanyaga upande hadi ikakubali. Tulipofika Kariokor, Bedan alikuwa kibandani kwake. Aliziangalia akala miguuni mwangu, akakaza kanda moja kwa koleo, akanigonga mguu kidogo kama farasi akaniambia nenda. Tukarudi.

Njiani nilizungumza na Patrobas kimoyomoyo. Nilimwambia kabuti lako ni zito, nilikuwa nimesahau ulivyokuwa mkubwa. Nilimwambia nakuja.

Tulipoingia uani kwangu nilikuwa nimelowa jasho, lakini nilikuwa nimesimama. Kahin akaniomba niketi, akalifungua shanta kitu kimoja kimoja juu ya mkeka. Mayi akatoka akasimama mlangoni.

"Blanketi iko wapi?"

"Sina. Kabuti ndilo blanketi."

Akalikunjua, akalishika kitambaa kwa vidole viwili, akalinyosha kwenye mwanga. "Hii ni kitu ya maana. Upepo ya Chalbi usiku inapita ndani ya sweta kama iko wazi. Hii haipiti." Akalikunja tena. "Sawa, mama. Kesho asubuhi."

Moyo wangu ulijaa. Nilitaka kucheka na kulia. Nikafungua mdomo nimshukuru, na Mayi akasema kutoka mlangoni, "Ashukuriwe Mungu. Na atakalomwachia kule, mwanangu, wenyeji hawataliiba?"

Kahin akageuka. "Kuacha nini?"

"Kabuti. Ni la mwenye kaburi. Linabaki kwake."

Kahin akanigeukia mimi. "Ni kweli?"

Uongo ungenipeleka Chalbi, lakini sikuweza kuusema mbele ya mama huyo. "Ndivyo anavyotaka," nikasema.

Akaliweka shanta chini. "Mama, kurudi ni mbali kuliko kwenda, kwa sababu mtu amechoka. Mtu bila kitu ya kulala anaumwa kifua. Mgonjwa anapanda ngamia, na ngamia ya maji haina nafasi ya mtu. Kabuti ikibaki huko, wewe baki hapa. Sisemi kwa ubaya."

"Nitavumilia baridi."

"Wote wanasema hiyo."

Niliona kwa macho yangu Disemba inakuja, mgomba umelazwa kwenye shimo, shemeji zangu wanaurushia udongo. Nikasimama. Nikamwomba utingo msamaha moyoni, maana ahadi niliyompa ilikuwa inakufa siku ile.

"Mayi," nikasema, "kabuti halikukutwa ndani ya lori."

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kisima, homa, yule mwenzake akilia, jinsi alivyolivua na maneno aliyosema. Sikupamba wala sikupunguza. Kahin alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, Mayi alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Alilivua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na homa yake hiyo?"

"Na homa yake hiyo. Kwa hiyo nikienda kumrudishia, halafu nife njiani kwa kukosa pa kujifunika, niwaache Lusweti na wadogo zake, unadhani atanipokeaje? Atanifukuza, Mayi. Unamjua. Tutalala pale kisimani usiku mmoja, Kahin ameshaniambia. Nitakwenda kwenye mawe yake nilale pembeni, nilitandaze kabuti juu yetu sote wawili. Alale na joto usiku huo. Asubuhi nitamuaga, nitachukua udongo, nitalivaa, nitarudi kwa watoto wake. Zaidi ya hapo siwezi."

Machozi yalimshuka Mayi na hakuyafuta. Nilidhani atalaani, na nilikuwa tayari kulaaniwa. Kisha akashuka ngazi polepole, akaliokota kabuti mkekani, akaniambia, "Nyosha mkono." Akanivisha. Lilinifika miguuni, na jua lilikuwa bado kali. Akaanza kulifunga kutoka chini, kifungo baada ya kifungo, kama alivyokuwa akimfunga Patrobas alipokuwa mdogo, mpaka akafika kidevuni. Akageuka kwa Kahin.

"Litarudi," akamwambia. "Na huyu aliye ndani yake arudi nalo. Huyu wangu ndiye niliyebaki naye."